Si lazima uwe bingwa ndipo uingie mashindano ya trapu

Wengi hujizuia kushindana katika trapu, mchezo wa kuvunja kwa shotigani (bunduki) visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, wakiamini ni lazima kwanza wavunje visahani 25 kati ya 25. Si kweli, na imani hiyo imewanyima watu wengi mchezo mzuri sana.

Nchini Marekani, chama cha mchezo huu, ATA (Amateur Trapshooting Association), huwapanga washiriki kwa madaraja kulingana na wastani wa alama zao. Anayeanza hupambana na wa kiwango chake, hata kama bingwa yumo kwenye kikosi kilekile cha watu watano. Lipo pia shindano la hendikapu: hodari husogezwa nyuma hadi yadi 27 kutoka kwenye mashine inayorusha visahani, na wachanga husimama karibu, kuanzia yadi 19.

Kinachodaiwa hasa siku ya kwanza ni nidhamu. Shotigani ibaki wazi na tupu unapohama kituo. Kisahani kimoja, risasi moja. Usiifunge bunduki kabla zamu yako haijafika. Vaa miwani na vizuia sauti. Ukikosa, usigeuke nyuma kulalamika na bunduki mkononi. Mtutu uelekee uwanjani daima. Hapo utakubalika mapema kuliko mwenye shabaha kali asiyejali wenzake.