Nyuki Akilikataa Ua, Usikimbilie Bomba la Dawa

Msimu wa maua ukianza tu, swali huja lile lile: nyuki anafika kwenye ua, ananusa, anaondoka; nipulizie dawa gani kuua vijidudu vilivyomo? Wanaouliza wana nia njema, ndiyo maana tunawajibu wote kwa pamoja. Dawa ya kusafisha mbochi, yaani maji matamu ya ua anayoyafuata nyuki, haipo, na haihitajiki.

Ua linapofunguka, mbochi yake huwa na vijidudu vichache mno au haina kabisa. Huletwa baadaye na wageni: nyuki wenyewe, ndege, sisimizi, hata upepo. Kwa kuwa mbochi ina sukari nyingi na nitrojeni kidogo, wanaostawi humo ni wachache. Wapo hamira, yaani kuvu wadogo sana, wa jenasi ya Metschnikowia, ambao hula sukari na kubadili harufu ya ua. Wapo pia bakteria wa Acinetobacter, na hawa wana ujanja wao: hufanya chavua iliyodondokea kwenye mbochi iote na kupasuka, wakapata lishe iliyokuwa imefungwa ndani.

Nyuki haoni chochote kati ya hivyo. Anachopata ni ladha na harufu, na huamua kwa hizo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, nyuki wa asali waliikwepa mbochi iliyoota bakteria wa aina tatu, lakini hamira aliyejaribiwa hakuwasumbua. Mwaka 2013 utafiti mwingine, uliofanywa kwenye maua yanayochavushwa na ndege wavumaji (ndege wadogo wanaokunywa mbochi) huko California, ulionyesha kuwa bakteria walipunguza unywaji wa mbochi na idadi ya mbegu. Hamira hawakufanya hivyo. Kwa hiyo kusema “vijidudu vyote vinafukuza nyuki” ni kosa, na tumelisahihisha mara nyingi kuliko tunavyopenda kuhesabu. Wale wanaonyunyizia maua hamira ya mkate ili kuvuta nyuki, tafadhali acheni. Si hamira yule.

Dawa zina mahali pake. Erwinia amylovora, bakteria anayekausha maua na matawi ya mitufaha na mipeasi yakaonekana kama yameungua, husambazwa pia na nyuki, na katika baadhi ya nchi hudhibitiwa kwa streptomaisini wakati wa maua. Lakini kiuavijasumu kama hicho, yaani dawa ya kuua bakteria, hakichagui adui, na viuakuvu vikigusa ua lililo wazi huathiri pia hamira wa mbochi.

Utaratibu ni huu. Soma lebo yote, si jina la dawa peke yake. Ikikataza kupulizia wakati wa maua, hupulizii, hata usiku. Ikiruhusu, subiri nyuki warudi mzingani jioni, na upepo uwe umetulia. Waarifu wafugaji nyuki wa jirani mapema, kwa maandishi, wapate muda wa kufunga au kuhamisha mizinga. Kisha andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, jina la dawa na namba yake ya usajili, kipimo, ukubwa wa eneo na jina la aliyeshika bomba. Mkaguzi akija huanza na daftari hilo, shamba baadaye. Katika nchi nyingi, kutumia kiuatilifu kinyume cha lebo ni kosa hata kama hakuna nyuki aliyekufa. Adhabu hutegemea sheria ya mahali: faini, kufutiwa leseni, au fidia kwa mwenye mizinga. “Sikujua” haipunguzi kitu.

Na huyo nyuki aliyenusa akaondoka? Huenda mwenzake ametoka kulinywa ua hilo muda mfupi uliopita. Nyuki huacha alama ya harufu anapotua, na anayefuata huisoma akapita bila kupoteza muda. Harufu ikififia na mbochi ikajaa tena, ua hutembelewa. Kabla ya kutupigia simu, kaa karibu na maua yale yale asubuhi kwa muda wa saa nzima. Nyuki wakirudi na kutua, hakuna ugonjwa wa kuripoti.