Jeshi la Uingereza na bajeti yake: tunayoambiwa na yalivyo

Mpwa wangu ana miaka 21 na moyo wake uko kwenye jeshi la Uingereza. Juzi alinitumia video ya dakika tatu ambamo jamaa anaeleza kwamba jeshi hilo limekwisha, kwamba askari wote waliobaki wanaenea uwanja wa Wembley na viti vinasalia. "Mjomba, ni kweli?" Nikamjibu kwamba hesabu yenyewe ni kweli. Wembley ina viti 90,000, na jeshi la nchi kavu la Uingereza lina askari wa kudumu elfu sabini na ushei. Kasoro iko kwenye yale ambayo watu wanayajenga juu ya hesabu hiyo. Nimefuatilia habari hizi kwa miaka mingi, na video ile ilinikera kwa jinsi ilivyochanganya kweli na uongo. Ndiyo maana nimeketi niandike.

Dhana: Jeshi hupimwa kwa idadi ya askari

Idadi imeshuka, hilo halina ubishi. Mwaka 1990 jeshi la nchi kavu lilikuwa na askari zaidi ya 150,000. Kufikia 2010 walikuwa kama 102,000. Mpango wa 2012 ukawashusha hadi 82,000, na ule wa 2021 ukasema 72,500 wanatosha.

Lakini hizo ni nafasi za kwenye karatasi. Mwaka 2012 kazi ya kuandikisha askari ilikabidhiwa kampuni binafsi ili kupunguza gharama. Mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilitoa ripoti ikisema kwamba tangu mkataba uanze, hakuna mwaka hata mmoja ambao lengo la uandikishaji lilifikiwa. Kijana aliweza kusubiri hadi siku 321 tangu aombe hadi aanze mafunzo. Sasa nani mwenye miaka 18 atakaa bure siku zote hizo? Atapata kazi ghalani au dukani, naye jeshi atalisahau. Kwa hiyo nafasi zilipunguzwa, kisha hata zile zilizobaki hazikujaa.

Kuna jambo lingine ambalo namba hazilionyeshi. Februari 2011 maafisa wateule 38 waliletewa barua pepe kwamba wanapunguzwa kazini. Mmoja wao alikuwa Afghanistan, vitani. Serikali iliomba radhi kwa namna walivyoarifiwa, lakini uamuzi ulibaki. Kuruta unampata kwa miezi michache tu. Afisa mteule, yule anayejua ni nani kikosini hajalala na ni gari gani linavuja mafuta, anakomaa kwa miaka kumi na kitu. Ukimwachia aende, hakuna bajeti ya mwaka ujao itakayokuletea mwingine.

Dhana: Kinachofutwa ni fedha iliyookolewa

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, na hata mawaziri wa kule wamepotea mara nyingi.

Nimrod MRA4 ilikuwa ndege ya doria ya baharini, ya kusaka nyambizi. Mwanzoni ziliagizwa 21. Kadiri gharama zilivyopanda idadi ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, hadi zikabaki 9. Oktoba 2010, serikali ya David Cameron ilipobana bajeti ya ulinzi kwa asilimia 8 ndani ya miaka minne, mradi wote ukafutwa, na zaidi ya pauni bilioni 3 zilikuwa zimekwisha kutumika. Mapema 2011, kwenye kiwanda cha Woodford karibu na Manchester, mashine zilizikatakata ndege hizo vipande vipande. Hazikuwa zimewahi kuingia kazini.

Halafu? Mwishoni mwa 2014 ilishukiwa kwamba nyambizi ya kigeni ilikuwa ikizunguka karibu na Scotland. Taifa la kisiwa, lenye nyambizi zake za nyuklia kituoni Faslane, likalazimika kuomba ndege za Marekani, Kanada na Ufaransa zije kumtafuta mgeni huyo. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza kwamba itanunua ndege 9 za Poseidon kutoka Marekani. Ya kwanza ilitua Scotland Februari 2020. Kwa hiyo walilipia ndege 9 wakazivunja, wakakaa miaka kumi bila kitu, kisha wakalipia 9 nyingine.

Ungefikiri somo lilieleweka. Mwaka 2021 wakazistaafisha ndege za Sentry, zile zenye rada kubwa mgongoni, kabla mbadala wake haujafika. Mbadala huo, Wedgetail, uliagizwa ndege 5, na mwaka huohuo ukapunguzwa hadi 3. Ndege 5 zingegharimu kama pauni bilioni 2.16. Ndege 3 zikagharimu bilioni 1.89. Wamepoteza ndege mbili kati ya tano, na fedha waliyookoa haifiki hata moja ya saba. Tena rada za ndege zote 5 zilikuwa zimeshanunuliwa!

Kuchelewesha nako kuna bei yake. Mwishoni mwa 2008 ujenzi wa manowari mbili za kubeba ndege, Queen Elizabeth na Prince of Wales, ulipunguzwa kasi ili kuipa bajeti nafuu ya miaka michache. Nafuu ilipatikana kidogo, lakini gharama ya jumla iliongezeka kwa zaidi ya pauni bilioni 1, kwa sababu mafundi wa bandarini hulipwa hata kazi ikienda polepole.

Nyumba za askari ndizo zinazoniuma zaidi, maana humo wanaishi watoto. Mwaka 1996 Wizara ya Ulinzi iliziuza nyumba zaidi ya 57,000 za familia za wanajeshi kwa pauni bilioni 1.66, kisha ikawa mpangaji wa mnunuzi. Ukarabati ukabaki mzigo wa wizara hiyohiyo, na kila bajeti ilipobanwa, ukarabati ndio uliosubirishwa. Boila zikaharibika wakati wa baridi kali, koga likapanda ukutani vyumbani mwa watoto huku baba au mama yuko kazini ng'ambo. Desemba 2024 Kamati ya Ulinzi ya Bunge ilisema theluthi mbili ya nyumba za familia zinahitaji matengenezo makubwa au kujengwa upya. Mwezi uliofuata serikali ikazinunua tena nyumba zaidi ya 36,000 kati ya zilezile, safari hii kwa karibu pauni bilioni 6. Askari akiamua kuacha kazi, mara nyingi uamuzi unapikwa nyumbani, jikoni kwenye dirisha lisilofunga.

Dhana: Kubana bajeti hakuui mtu

Tarehe 2 Septemba 2006 ndege ya Nimrod ya toleo la zamani, lililotangulia zile zilizokatwakatwa, yenye namba XV230, ilikuwa angani karibu na Kandahar, Afghanistan. Ilikuwa imetoka kujaziwa mafuta hewani. Dakika chache baadaye mafuta yaliyovuja yakakutana na bomba la hewa ya moto, moto ukalipuka mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuufikia wala kuuzima. Waliokuwemo wote 14 walikufa. Hakuna adui aliyeirushia ndege ile hata risasi moja.

Wakili Charles Haddon-Cave alipewa kazi ya kuchunguza, na ripoti yake ilitoka Oktoba 2009. Nawasihi wanaofikiri bajeti ni mambo ya makarani wajue alichokikuta. Ndege ile iliingia kazini mwaka 1969. Bomba lile la moto na mabomba ya mafuta yalikaa jirani kwa miongo, na tathmini ya usalama iliyopaswa kuiona hatari hiyo ilifanywa ovyo. Akauliza kwa nini. Jibu lake likarudi hadi mageuzi ya 1998, wakati wizara ilipojiwekea lengo la kupunguza gharama za uendeshaji kwa asilimia 20. Idara ziliunganishwa, zikavunjwa, wahandisi wakahamishwa, na viongozi ambao kazi yao ilikuwa kuuliza "ndege hii ni salama?" wakawa wanaulizwa kila wiki "umeokoa kiasi gani?" Ripoti iliwataja watu kwa majina na kwa makosa yao, haikuwaficha nyuma ya mfumo. Lakini ilieleza pia kwamba kule kukimbizana na fedha kuliwatoa watu macho kwenye usalama.

Sijui namna nyingine ya kulieleza hili kwa mtu anayesema mkato ni tarakimu tu. Watu 14.

Dhana: Yote yalianza 2010

Wenzangu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijua hili kuliko wengine, maana tuliona kwa macho jeshi hilo likiwa kubwa, na tuliona likiondoka.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles walipoasi, Nyerere aliomba msaada wa Waingereza. Manowari ya kubeba ndege, HMS Centaur, ikaja kutoka Aden, na alfajiri ya tarehe 25 helikopta zake zikawashusha makomando kwenye kambi ya Colito, ambayo leo tunaiita Lugalo. Wakati huo Uingereza bado ilikuwa na askari Kahawa, nje ya Nairobi, na Aden kwenyewe. Mwaka uliofuata Centaur ilitolewa kazini. Kambi ya Kahawa ikakabidhiwa serikali ya Kenya ikageuzwa chuo, ndicho Chuo Kikuu cha Kenyatta cha leo. Mwaka 1966 waziri Denis Healey akafuta ujenzi wa manowari mpya ya kubeba ndege, na mkuu wa jeshi la majini, David Luce, akajiuzulu. Novemba 1967 wakaondoka Aden. Januari 1968 wakatangaza kuondoa majeshi yao mashariki ya Mfereji wa Suez. Na kabla ya hayo yote, tangu 1957, walikuwa wameshaamua kuachana na utumishi wa lazima jeshini. Vyama vyote viwili vikubwa vimeshika mkasi.

Mwaka 1981 waziri John Nott alitangaza kwamba HMS Endurance, meli ndogo ya doria kusini mwa Atlantiki, itaondolewa, na Februari 1982 ikatangazwa kwamba manowari Invincible itauzwa Australia. Buenos Aires walisikia. Aprili 2, 1982 Argentina ikavamia visiwa vya Falkland, vilivyo chini ya Uingereza hukohuko kusini mwa Atlantiki. Invincible, iliyokuwa njiani kuuzwa, ikawa mojawapo ya manowari mbili za kubeba ndege zilizoongoza msafara wa kuvirudisha, na Waingereza 255 wakafa katika vita hivyo.

Miaka 30 baadaye karibu kisa kirudi kilekile. Februari 2011 vurugu zilipolipuka Libya, meli iliyotumwa Benghazi kuokoa watu ilikuwa HMS Cumberland, nayo ilikuwa inarudi nyumbani kustaafishwa.

Dhana: Basi Uingereza haina tena jeshi

Hapa video ya mpwa wangu ilipitiliza. Nchi iliyotumia pauni bilioni 53.9 kwa ulinzi katika mwaka wa fedha 2023/24 ni mojawapo ya zinazotumia fedha nyingi zaidi duniani. Tangu Aprili 1969 haijapita siku bila nyambizi yake yenye silaha za nyuklia kuwa baharini.

Ila tazama kwa karibu. Nyambizi hizo ni nne. Mwaka 2015 mojawapo, Vanguard, iliingia gudi ikae miaka mitatu na kitu, ikatoka baada ya zaidi ya saba. Tatu zilizobaki zikabeba zamu zake. Doria zimerefuka hadi kupita siku 200, na nyambizi hurudi Faslane imeota mwani ubavuni. Mabaharia wake wamekaa zaidi ya nusu mwaka bila kuona jua wala kuzungumza na wake zao. Nguvu ipo. Inashikiliwa na watu wachache waliochoka.

Dhana: Hayo ni yao, hayatuhusu

Mwaka 2013, jeshi lilipokuwa linapunguzwa, Uingereza ilirudisha sharti kwamba raia wa Jumuiya ya Madola awe ameishi huko miaka mitano kabla ya kujiunga. Mlango ukafungwa kwa Wakenya na wengineo. Novemba 2018, baada ya nafasi kukosa watu, sharti likaondolewa, kwa ukomo wa watu 1,350 kwa mwaka kutoka Jumuiya nzima. Anayefaulu hutumikia si chini ya miaka minne. Mwaka 2022 waliotumikia miaka sita walisamehewa ada ya kuomba ukaazi, lakini msamaha huo haukuwagusa wake, waume na watoto wao. Haya ndiyo niliyomwandikia mpwa wangu, nikamwambia asilipe wakala yeyote anayemwahidi nafasi.

Na sasa fedha inaongezwa. Februari 2025 Keir Starmer, akiwa waziri mkuu, alitangaza kwamba ulinzi utafika asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo 2027. Fungu linatoka kwenye misaada ya nje, itakayoshuka kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3, na waziri wa maendeleo ya kimataifa, Anneliese Dodds, akajiuzulu kwa ajili hiyo. Dada yangu, mama yake kijana huyu, ni muuguzi kwenye kliniki ya mama na mtoto. Yeye ndiye aliyenisomea habari hiyo kwenye simu, kabla sijaiona mahali pengine popote.