Aloi za Kutengenezea Chuma cha Pua: Yanayosemwa na Yalivyo

"Aloi ni kiungo tu, ukikosa unaendelea bila hicho." Hapana. Aloi hizi ni chuma kilichochanganywa na elementi nyingine, kama kromi, nikeli au manganisi, nazo huongezwa chuma kinapotengenezwa. Hata nondo ya kawaida ina manganisi, kilo kadhaa kwa kila tani. Manganisi ndiyo huikamata salfa. Salfa ikiachwa huru, chuma hupasuka kikipitishwa kati ya silinda za kukibana kingali cha moto. Kibadala cha kuridhisha hakijapatikana.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba mwenye mgodi ndiye mwenye soko. Afrika Kusini ina akiba kubwa kuliko zote duniani ya mawe ya kromiti, yanayotoa kromi, lakini China ndiyo inayoongoza kuyeyusha ferokromu, yaani aloi ya chuma na kromi, na sehemu kubwa ya mawe inayoyatumia hutoka hukohuko Afrika Kusini. Siri ni umeme. Tani moja ya ferokromu hula uniti 3,000 hadi 4,000. Umeme ukipanda bei au ukiyumba, tanuri huzimwa, vibarua hurudi nyumbani, na mawe hupakiwa melini yakiwa ghafi. Wapo watakaokutajia Indonesia, iliyopiga marufuku kuuza nje nikeli ghafi Januari 2020, na kweli viwanda vikamiminika. Lakini marufuku hayayeyushi jiwe: pembeni ya viwanda hivyo vilijengwa vituo vya umeme wa makaa ya mawe.

Kuhusu bei, wengi hudhani zote husomwa kwenye soko la metali la London. Nikeli ipo pale, ila mkataba wake hudai usafi wa angalau 99.8%, kwa hiyo feronikeli, aloi ya chuma na nikeli, haipokelewi. Ferokromu haimo kabisa. Bei yake hupatikana kwa mazungumzo, tena si kwa uzito wa mzigo bali kwa kromi iliyomo. Ukiletewa tani 100 zenye kromi 50%, unalipia tani 50. Ndiyo maana ugomvi mwingi huanzia kwenye sampuli: mabonge yamechotwa wapi ndani ya shehena, yamesagwa vipi, na maabara ya nani imepima. Tofauti ya asilimia moja kwenye mzigo huo ni tani nzima ya kromi.

Na usidanganywe na sura ya ferosilikoni, aloi ya chuma na silikoni. Yaonekana kama kokoto za kijivu zisizo na neno, lakini ikilowa huweza kutoa haidrojeni inayolipuka na fosfini, gesi yenye sumu kali. Ghala la meli lazima liwe kavu na lipitishe hewa.