"Hang'ati huyo" si jibu: kamba ya mbwa kwenye kambi za karavani

Kwenye kambi za karavani, yaani vijumba vya kulala vinavyovutwa na gari, mbwa akimkimbilia mtu, mwenye mbwa hupaza sauti kutoka mbali: "Usiogope, hang'ati huyo!" Anasema kwa nia njema, na mara nyingi ni kweli. Ila kanuni ya kambi haijauliza kama anang'ata. Inataka mbwa awe na kamba tangu anaposhuka garini hadi siku ya kuondoka, na sisi madaktari wa mifugo tunaiunga mkono kwa sababu ambazo nyingi hazihusu ukali kabisa.

Tuanze na mipaka. Nyumbani mbwa anajua geti liko wapi na eneo lake linaishia wapi. Kambini hakuna ukuta, karavani ya jirani iko hatua chache tu, na jirani mwenyewe hubadilika kila baada ya siku mbili tatu. Kila apitaye mlangoni ni mgeni. Ongeza uchovu wa safari, kelele za watoto, moshi wa nyama na mbwa wengine wanaobweka usiku. Mambo haya hujilimbikiza ndani ya mbwa, na hayaishi kwa kulala saa mbili. Ndiyo maana mbwa mpole wa mwaka mzima anaweza, jioni ya siku ya kwanza, kufanya jambo ambalo mwenye mbwa ataapa hajawahi kuliona.

Halafu kuna kasi. Mbwa wa umbo la kati hufikia kilomita 30 kwa saa bila taabu. Mita 50 anazimaliza kwa takriban sekunde 6. Muda huo hautoshi kumwita mara mbili. Na njia za kambi zimejaa magari yanayorudi nyuma yakisukuma karavani, dereva akitegemea vioo. Mbwa aliyesimama nyuma ya karavani haonekani kwenye kioo chochote.

Sababu ninayoona haizungumzwi vya kutosha ni hali ya yule mbwa mwingine, aliyefungwa kamba na bwana wake. Mbwa mwenye hofu ana njia mbili: kukimbia au kupigana. Kamba imeshamfungia njia ya kwanza. Mbwa wako mchangamfu anapomvamia ili acheze, wewe unaona urafiki, lakini yule anaona amebanwa na hana pa kwenda. Akiuma, lawama itamwangukia yeye, ilhali aliyevunja kanuni ni mwenye mbwa asiye na kamba.

Kwa binadamu mambo ni yale yale. Mkia unaotikisika si ahadi ya amani. Tazama mwili mzima. Mbwa aliyekakamaa, anayelamba midomo bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, au anayegeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, anaomba nafasi. Watu wazima wengi hawazijui dalili hizi, sembuse watoto, na mtoto mdogo akiumwa mara nyingi ni usoni, maana uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa. Nchini Uingereza, sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991 haingoji jeraha: inatosha mtu awe na sababu ya msingi ya kuhofia kwamba mbwa atamdhuru. Kwa hiyo mbele ya sheria hiyo "hang'ati" haina uzito ambao wengi wanaudhania.

Kamba yenyewe iwe ya urefu usiobadilika, mita moja na nusu hadi mbili. Zile zinazojikunja ndani ya mpini wa plastiki sizipendi kambini. Uzi wake mwembamba hukata vidole na kuchubua miguu ya wapita njia. Mpini ukikuponyoka, humfuata mbwa ukigonga chini, naye huzidi kukimbia kwa woga. Kama huna nyingine, ifunge kwenye urefu mfupi na uiache hivyo.

Kumfunga mbele ya karavani ndiko kunakoleta ajali nyingi za kizembe, basi tukae hapo kidogo. Kabla ya kumfunga, shika ncha ya kamba wewe mwenyewe uzunguke nayo ikiwa imekazwa. Kila unachokigusa ni cha mbwa: jiko, mpira wa gesi, waya wa umeme, kamba za hema, ngazi ya jirani. Kama unafika njia ya wapita kwa miguu, punguza urefu. Kwa kamba ndefu tumia mkanda wa kifuani badala ya kola, kwa sababu mbwa akitimua mbio kisha akakatishwa ghafla kwa shingo, koo na uti wa shingo huumia. Kigingi cha chuma cha kuzungushia ardhini ni kizuri, lakini muulize msimamizi kwanza. Chini ya viwanja vingi hupita nyaya za umeme na mabomba ya maji. Usimfunge kwenye kiti au meza nyepesi: ataivuta, meza itamfukuza, na sasa una mbwa aliyepandwa na hofu anayeburuta meza katikati ya mahema. Usimfunge kwenye gari pia. Kuna siku mtu ataliwasha bila kutazama nyuma.

Na usimwache peke yake akiwa amefungwa. Kivuli cha asubuhi si kivuli cha saa nane mchana, na mbwa aliyezongwa na kamba hafikii bakuli la maji. Kumfungia garini si suluhisho: nje kukiwa na nyuzi joto 22 tu, ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kufika 47 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza.

Mnapotembea, kamba iwe imelegea kidogo. Mkono ukikaza, mbwa naye hukaza mwili. Mkikutana na mbwa mwingine, msiende uso kwa uso. Pindeni njia kidogo mpishane kwa mbali. Mbwa wenyewe, wakiachiwa hiari, hukaribiana hivyo hivyo kwa kuzunguka.

Kamba pia ndiyo inayokuhakikishia kwamba unaona anakojisaidia. Mayai ya minyoo ya mviringo yakitoka na kinyesi hayaambukizi siku hiyo. Huhitaji wiki kadhaa ardhini kukomaa, kisha hudumu kwenye udongo kwa miaka. Kinyesi kikiokotwa mapema, hatari hiyo haifiki kwa watoto wanaocheza chini. Kinyesi ambacho hukukiona huwezi kukiokota.

Ikitokea mtu ameumwa, mabishano yangoje. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali, hata kama ni mchubuko. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona, lakini chanjo inayotolewa mapema hukizuia. Mwenye mbwa atoe cheti cha chanjo bila kuombwa mara mbili.

Si mbwa wote wanaopotea kambini hupotea mchana. Wengine hutoroka usiku, wakati wa haja ya mwisho, pale bwana wake anapofungua mlango akiwa na ndala, akajisemea kwamba watu wamelala na kamba haina haja. Panya mmoja anatosha. Iache kamba ining'inie kwenye kitasa ili usifungue mlango bila kuishika. Kibati cha shingoni kiwe na namba ya simu uliyonayo safarini. Chipu iliyo chini ya ngozi haionyeshi mbwa yuko wapi. Inamtambulisha tu akishapatikana na kupimwa kwa kifaa, tena kama namba zako kwenye kumbukumbu ni za sasa.

Akishaponyoka, usimkimbize. Chuchumaa, mgeuzie ubavu, mwite kwa sauti ya kawaida. Akitokomea, mtu mmoja abaki kwenye karavani na mlango uwe wazi, blanketi lake likiwa nje, kwa kuwa mbwa wengi hurudi kwa kufuata harufu. Mjulishe msimamizi mara moja ili geti la barabarani lifungwe, na waombe majirani wasimwite wala wasimzingire. Wakimwona, wakupigie simu tu.