Koini za bure na bei ya daimondi: dhana potofu za maadmini wa seva zetu

Baridi ikianza kukaza huku Mbeya, mwezi wa sita wa saba hivi, vijana hawatoki jioni na ndo kipindi seva ndogo ndogo za Minecraft, ile gemu ya kuchimba na kujenga ambayo watu wanaichezea pamoja mtandaoni, zinaibuka. Mmoja ana laptopu hosteli, anakodi seva, anawaita wana wa Uyole, Soweto, Iringa mpaka Makambako, wiki za mwanzo ni raha tupu kila mtu anajenga kila mtu anauza. Baada ya muda unaingia unakuta watu watatu na mmoja wao amesinzia. Ukimuuliza admini, yule anayeendesha seva, anasema bando limepanda, umeme unakatika, wanafunzi wana mitihani, na kweli hayo yapo, ila mi huwa nafungua kwanza orodha ya bei. Daimondi iliyoanza koini 50, hela ya humo ndani ya seva, utakuta inauzwa 4,000. Hapo hamna cha umeme.

Tatizo ni zawadi ambazo seva inawagawia wachezaji, na zawadi hizo zimezungukwa na maneno mengi ambayo watu wanayarudia tu.

"Ukigawa koini nyingi kila mtu anakuwa na hela, anafurahi, anabaki"

Hii ndo mama yao. Koini ya zawadi haitoki mfukoni kwa mtu yeyote, inachapishwa pale pale. Kuna seva moja ya wana wa Iringa ilikuwa na komandi ya /kamwene, yaani neno unaloandika kwenye gemu, ukisalimia asubuhi unapewa 500, nilicheka kinoma maana ni wazo tamu sana. Sasa piga hesabu: watu 30 wakisalimia ni koini 15,000 kwa siku, kwa mwezi 450,000, na wakati huo daimondi zilizochimbwa hazijaongezeka hata moja kwa sababu ya kusalimiana. Hela nyingi zinafukuzana na vitu vilevile, bei inapanda, mchezo umeisha.

Ila angalia nani anaumia. Mkongwe wa seva hana wasiwasi, alishanunua daimondi na ardhi mapema, bei ikipanda na mali yake inapanda nayo. Mgeni anayeingia leo anapokea 500 ileile ambayo mwanzoni ilikuwa inanunua daimondi kumi na sasa hainunui hata moja. Yaani ile zawadi tuliyosema tunaiweka ili kumsaidia mgeni, anayeilipia ni huyo huyo mgeni. Na mkongwe ndo mwenye akaunti nne za pembeni, zote zinasalimia kila asubuhi, hela inaingia kwa mtu mmoja.

Kibaya kuliko hata salamu ni duka la seva linalonunua vitu kwa bei isiyobadilika. Admini anaweka "duka linanunua chuma koini 5", anaona ni hela ndogo. Mchezaji mjanja anajenga famu ya chuma, ile ya wanakijiji na magolemu, majitu ya chuma yanayojitokeza yenyewe, inatoa mamia ya vipande kwa saa, anasimama pembeni kaacha gemu inajiendesha yeye kaenda kula. Admini anadhani yeye ndo kashika bomba la hela, kumbe bomba kashika mchezaji.

"Watu wakiuziana sana hela inatumika, kwa hiyo inapungua"

Hii wanaiamini hata wale wanaosoma kompyuta chuo, na inasikika vizuri kweli. Ila nikikuuzia upinde kwa 2,000, zile 2,000 zimehama tu kutoka kwako kuja kwangu, kwenye seva bado zipo zote. Hela inapungua pale tu inapopotea kabisa: ukinunua kitu kwa duka la seva lenyewe, ukilipa kodi ya kiwanja, ada ya kujirusha sehemu nyingine papo hapo kwa komandi, ada ya kuweka bidhaa sokoni. Wenyewe wanaoendesha magemu makubwa wanagawa mahesabu yao hivyo, upande mmoja mabomba ya kuingizia na upande wa pili mitaro ya kutolea, soko la wachezaji haliko kokote kati ya hizo mbili.

Gemu ya mtandaoni ya Old School RuneScape walikaa miaka soko lao kubwa la Grand Exchange halikati kitu. Desemba 2021 wakaweka kodi ya 1% kwa muuzaji, na sehemu ya hiyo kodi gemu inaitumia kununua vitu sokoni na kuvifuta. Yaani mtaro wa hela na mtaro wa vitu kwa mpigo mmoja, mi naona hiyo ni akili sana.

EVE Online, gemu ya meli za angani, ndo inachekesha zaidi. Hawa ni watu wa Iceland, kampuni ya CCP, gemu yao ipo tangu 2003 na mwaka 2007 waliajiri mchumi kabisa, Eyjólfur Guðmundsson, kazi yake kuangalia uchumi wa gemu. Kule watu wanapigana na meli zikilipuka zimelipuka, Januari 2014 kwenye vita ya B-R5RB zilienda meli 75 za aina ya Titan, zile kubwa kuliko zote. Ukimuuliza mtu atakwambia hapo hela nyingi ilipotea. Kilichopotea ni meli na madini yaliyoziunda. Hela haijaguswa, tena meli ikiwa na bima gemu inamlipa mwenyewe fidia kwa hela mpya, kwa hiyo vita inapunguza vitu na kuongeza pesa. Usipotenganisha hayo mawili utakuwa unaziba bomba lisilovuja.

"Basi tugawe vitu badala ya hela, vitu havina madhara"

Vina madhara yake, ila yanakuja kwa mlango wa nyuma. Msimu viazi vinaposhuka Mwanjelwa kwa mkupuo bei ya gunia inalala, mlaji anafurahi na aliyelima anarudi na nauli tu. Ukimpa kila anayeingia seti nzima ya silaha na nguo za daimondi, umeshamfukuza kazi mchimbaji, fundi wa silaha, na yule mtoto aliyekuwa anauza chakula cha wachimbaji. Wanaacha kuingia na hawasemi kwa nini, maana wenyewe hawajui, wanajua tu gemu imekuwa haina ladha.

Team Fortress 2, gemu ya kupigana risasi, walipata hii kwa bahati mbaya Julai 2019, bagi, yaani kosa la programu, ikafanya makreti fulani ya zamani, yale masanduku ya bahati nasibu, yatoe kofia adimu kila yakifunguliwa. Ndani ya muda mfupi kofia zilizokuwa zinauzwa bei ya maana zikawa kila mtu anazo, na bei ikaporomoka.

"Ukipunguza zawadi watu watahama"

Wanahama ukipunguza vibaya. Gemu ya World of Warcraft kabla haijatoka 2004 walijaribu kumzuia mtu asicheze siku nzima, akizidisha masaa pointi zake zinashuka nusu. Watu wakachukia. Wakageuza maelezo: ukipumzika ukirudi unapata pointi mara mbili kwa muda, halafu unarudi kwenye za kawaida. Namba ni zilezile! Malalamiko yakaisha. Kwa hiyo ukitaka kubana /kamwene usiandike "zawadi imepunguzwa", anza na msingi mdogo halafu mpe bonasi anayejenga au anayemfundisha mgeni, na hata hiyo bonasi iwe kitu kisichouzika.

"Kampuni kubwa zina wataalamu, hii ni shida ya seva za hosteli"

Axie Infinity, gemu ya kupiganisha wanyama wa kidijitali, walikuwa wanawalipa wachezaji tokeni ya SLP, sarafu ya mtandaoni inayouzika kwa hela halisi, na matumizi yake makubwa yalikuwa moja tu, kuzalisha wale wanyama. Wageni wakipungua wanyama hawanunuliwi, tokeni inaendelea kuchapwa haina pa kwenda. Katikati ya 2021 ilipita senti 30 za dola, kufika Januari 2022 ilikuwa imeangukia karibu senti 1, Februari wakafuta zawadi kadhaa za kila siku lakini wengi walishakimbia. Na Diablo III, gemu ya kuua mashetani, mwaka 2012 walileta soko la kuuza silaha kwa hela halisi, likafungwa Machi 2014, maana kwa nini uue mashetani usiku kucha kutafuta upanga wakati upanga uko sokoni? Hapo wala haikuwa suala la bei, zawadi yenyewe ndo ilikosa maana.

"Ikiharibika tunafuta kila kitu tunaanza upya"

Sawa, futeni. Bomba lilelile, mafuriko yaleyale baada ya wiki chache. Gemu ya Path of Exile wanaanza ligi mpya, watu wote wakianza na mikono mitupu, kila baada ya miezi michache na inafanya kazi, ila kule uchumi haujengwi juu ya koini, watu wanalipana kwa vito ambavyo kila kimoja kina kazi ya kubadilisha silaha, ukikitumia kimeisha. Hela yao inajiunguza yenyewe. Sie tunafuta dunia halafu tunairudisha na /kamwene yake.

"Kuuza koini kwa M-Pesa ni kuchangia seva tu"

Unachapisha hela na kumuuzia mwenye hela za nje, kisha unashangaa wengine wameacha kuchimba. Mbali na hilo Mojang tangu 2014 walishaweka msimamo kwamba seva isiuze kwa pesa halisi kitu kinachompa mtu nguvu ya kuwazidi wenzake. Rangi ya jina, kofia ya mapambo, kimnyama cha kukufuata nyuma, hivyo uza, na wana wananunua kweli, sifa inauzika kuliko upanga.

Kwa mwenye seva sasa hivi, kama unatumia EssentialsX, ile programu ya ziada ya kuongezea komandi kwenye seva, andika /baltop. Juu ya orodha ya matajiri kuna jumla ya koini za seva nzima, wengi wanairuka wanakimbilia kuona nani wa kwanza. Iandike kwenye daftari kila Jumapili pamoja na idadi ya watu walioingia wiki hiyo. Jumla ikipanda na watu wako palepale, kafungue orodha ya vitu ambavyo duka lako linanunua, na uanze na chuma.