Tunajali, lakini hatukujali

Kazi yangu ni kutafsiri, hapa Kampala. Nililelewa kambini Jinja, baba akiwa askari, kwa hiyo Kiswahili changu kilianza na amri: simama, geuka, lete maji. Waganda wengi wa rika langu walikichukia kwa sababu hiyohiyo, lugha ya watu wenye bunduki. Siku hizi ndicho kinachonipatia matoke.

Juzi kampuni moja iliniletea kaulimbiu yao ya Kiingereza, maneno mawili tu, niiweke kwa Kiswahili. Nikaandika "Tunakujali". Meneja wa masoko akaisoma, akakuna kidevu. "Hiyo ku ni ya nini?" Ni mteja, nikamwambia. Kwa Kiswahili ukijali, lazima kuwe na anayejaliwa. Akafikiri kidogo. "Itoe. Inaahidi sana."

Tukabaki na "Tunajali". Bango limeshapanda, linang'aa usiku kucha. Nani anajaliwa, hakuna aliyeuliza.

Tangu hapo nimekuwa mgonjwa wa viambishi. Nikipiga simu ya huduma kwa wateja kuhusu intaneti iliyokatika, simsikilizi tena yule binti mwenye sauti ya asali. Nasikiliza vitenzi vyake. "Tatizo lako limepokelewa. Linashughulikiwa. Utajulishwa." Hesabu hizo -w-: limepokelewa, linashughulikiwa, utajulishwa. Kauli ya kutendwa ni mlango wa nyuma wa sarufi, mtendaji hupitia hapo bila kuonekana. Siku moja nilimuuliza, "Linashughulikiwa na nani, nyabo?" Kimya. Kisha: "Na timu." Timu gani? "Timu husika, sebo."

Linganisha na soko la Owino, hapahapa Kampala. Muuza mitumba hana kaulimbiu wala namba ya malalamiko. Anakukamata mkono: "Kasitoma wange!" Kasitoma wangu. Ni neno la Kiingereza lililovaa gomesi, gauni la kina mama wa huku, lakini lina mwenyewe. Suruali ikichanika kesho, unajua unakwenda kibanda gani na unamshika nani. Kule kwenye maduka ya vioo risiti inakuonya chini kwa herufi ndogo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tena -w-. Anayekataa kuirudisha hajulikani.

Halafu kuna sheria, ambazo ndizo zinanilipa vizuri zaidi na kunichosha zaidi. Watu hudhani lugha ya sheria ni ngumu kwa sababu ya msamiati. Msamiati unazoeleka. Faini zetu, kwa mfano, haziandikwi kwa shilingi bali kwa vipimo vya sarafu, na kipimo kimoja ni shilingi 20,000. Ukishajua hivyo unazidisha tu. Kinachonikwamisha ni kujua nani anatakiwa kufanya nini, na lini.

Nimegundua kwamba hilo hutegemea fedha inaelekea wapi. Kodi ya OTT, ile ya mitandao ya kijamii, haikuwa na utata hata chembe: shilingi 200 kwa siku, kuanzia tarehe 1 Julai 2018, hulipi hufungui WhatsApp. Mhusika, kiasi, tarehe. Sentensi safi kabisa, ningeifundishia darasani. (Watu walikimbilia VPN, programu za kukwepa kizuizi, na Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, mahali pake ikawekwa asilimia 12 kwenye bando za data. Hiyo nayo inaeleweka vizuri mno.)

Kinyume chake ni kavera. Mifuko myembamba ya plastiki ilipigwa marufuku na Sheria ya Fedha ya 2009, na Sheria ya Mazingira ya 2019 ikarudia. Jana jioni nimenunua rolex pale kona. Kijana akaikunja chapati na mayai yake, akaitia ndani ya kavera, akaifunga fundo. Yeye hakuitengeneza, mimi sikuiomba. Imepigwa marufuku, ndiyo. Imepigwa na nani aliye hapa karibu?

Lakini kifungu ninachokipenda kuliko vyote kinahusu mkate wangu mwenyewe. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalisema Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Nilishangilia nusu ya sentensi. Nusu ya pili inasema kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Yaani: umepokelewa, utajulishwa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na mimi nikapigiwa simu na ndugu kutoka Arua hadi Mbale kunipongeza, kana kwamba nimeoa. Miaka 17 baada ya Katiba kusema. Nimewahi kusubiri fundi wa intaneti, lakini si hivyo.

Sisemi waandishi wa sheria ni wavivu. Nimekaa nao, ni watu makini, wanaogopa kumfunga Waziri wa kesho kwa tarehe ya leo. Meneja wa masoko naye aliogopa vilevile, ndiyo maana ku ilikufa.

Ankara yangu ya kaulimbiu ile niliipeleka Jumatatu. Wamenijibu kwamba inashughulikiwa.