"Nitakopi tu" na dhana nyingine zinazoharibu uandishi wa kazini

Nafundisha maofisa habari kuandika, na kuna sentensi imenichosha: "Mwalimu, taarifa ninayo tayari, redioni na kwenye mesej nitakopi tu." Yaani ukishaandika vizuri mara moja, umemaliza kazi ya vyombo vyote. Si kweli hata kidogo.

Chukua tangazo la maji kukatika. Kwenye taarifa kwa vyombo vya habari huandikwa hivi: "Kufuatia zoezi la ukarabati wa bomba kuu, mamlaka inapenda kuwataarifu wateja wake wa Chang'ombe, Temeke na Kurasini kuwa huduma itakosekana Jumamosi." Msomaji wa gazeti akipotea atarudi juu. Msikilizaji yuko ndani ya daladala, hana pa kurudi. Redioni mwite kwanza: "Wakazi wa Chang'ombe, Temeke na Kurasini, Jumamosi hamtapata maji kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni." Bomba litafuata baadaye.

Gazetini unaweza kutanguliza kauli, jina la msemaji likaja mwishoni. Redioni msemaji hutangulia, kwa sababu alama za kunukuu hazisikiki. Shilingi 2,347,816,000 zinafaa kwenye ripoti. Sikioni ni kelele, sema zaidi ya bilioni mbili na milioni mia tatu. Na hesabu za maneno kwa dakika za kupimia urefu wa habari, mnazotoa kwenye vitabu vya Kiingereza, ziacheni huko. "Watakapowasilisha" ni neno moja kwa kompyuta lakini ni silabi nane kwa mtangazaji. Soma kwa sauti, saa mkononi. Nimesema hili mpaka wanafunzi wanalimalizia wenyewe, na bado hawasomi.

Mesej ndiyo inayoniudhi zaidi, maana hasara yake ni ya fedha. SMS moja hubeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Sasa ukikopi "Chang'ombe" kutoka kwenye Word, mara nyingi ile ritifaa, yaani kialama kilicho kati ya g na o, huja imepinda, na ritifaa iliyopinda haimo katika seti ya kawaida ya herufi za SMS. Ikiingia moja tu, kikomo kinashuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67, kwa kuwa nafasi iliyobaki inabeba maelekezo ya kuviunganisha. Ujumbe wako wa herufi 150 umegeuka SMS tatu. Ofisi inayotuma kwa wateja 10,000, na kutozwa kwa kila kipande, italipia 30,000. Kwa sababu ya ritifaa! Emoji nazo zina tabia hiyohiyo. Weka ritifaa iliyonyooka, kisha hesabu upya kabla ya kutuma.

Runinga nayo? Usimsimulie mtazamaji kile anachokiona. Mwambie kisichoonekana: bomba lile lina umri gani, nani analipa.

Wengine wanaamini barua rasmi haijakamilika bila "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Imekamilika. Mstari wa Yah: umeshasema inahusu nini, na anayeipokea anajua kusoma. Ingia kwenye haja yako.

Misamiati mizito nayo haioneshi usomi. "Zoezi la ukarabati linatarajiwa kufanyika" ni "tutakarabati", basi. Utaona kwamba ukiandika hivyo unalazimika kusema nani atakarabati, na nashuku ndiyo maana ofisi nyingi zinaipenda ile ya kwanza.

Halafu kuna wa "uandishi ni kipaji". Kwenye ushairi tutabishana siku nyingine. Kuweka jambo zito mwanzoni mwa habari kunafundishika asubuhi moja, na mchana mtu anaanza mazoezi. Kinachowashinda wengi ni kuandika upya mara ya tatu, na hapo wenye vipaji ndio huwa wa kwanza kuniaga.